Mzazi Anayefundisha Nyumbani Asali Lini?

Wazazi Wakristo wanaowasomesha watoto wao nyumbani huulizwa mengi: watoto watafanya mtihani gani, watacheza na nani, serikali inasemaje. Majibu wanayo. Ila ukikaa nao faragha, hasa akina mama, utasikia jambo ambalo hakuna aliyewauliza. Wamekauka rohoni. Waliianza kazi hii kwa ajili ya imani, na sasa kazi yenyewe imewanyima nafasi ya kuiishi imani hiyo. Mchana kutwa wanamtaja Mungu mbele ya watoto, usiku wanaanguka kitandani bila kusema naye neno.

Je, sala ya kila siku inaweza kumhuisha mtu wa namna hii, au ni mzigo mwingine juu ya mizigo aliyo nayo? Hoja za pande zote nimezisikia, nami nimezipanga hapa kama mazungumzo ya jamaa wa nyumba moja viungani mwa Nairobi. Mama anawafundisha watoto wanne. Wifi yake, dada wa mumewe, ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali. Bibi, mama mkwe, ni mlokole wa zamani aliyelelewa katika Uamsho wa Afrika Mashariki. Mchungaji ni wa Kanisa Anglikana. Baba ataingia baadaye.

MAMA: Mchungaji, nianze na linaloniumiza. Asubuhi saa moja tunakuwa na ibada. Tunaimba, tunasoma Zaburi, kila mtoto anaomba. Mtu akitupitia wakati huo atasema nyumba hii ina baraka. Ikifika saa nne tuko kwenye hesabu za sehemu. Wa pili amekataa katakata kwamba robo mbili ni nusu. Mdogo amemwaga uji juu ya kijitabu cha kaka yake, na ni kijitabu cha ACE, mtaala wa Kikristo, tulichokiagiza kwa pesa, ambacho mtoto asipopata asilimia 80 kwenye mtihani wake haendelei, anarudia. Hapo inanitoka sauti ambayo hata mimi siijui. Mtoto anaganda, penseli mkononi, ananitazama. Ile ibada ya saa moja inakuwa imekwenda wapi?

BIBI: Uliwaombea watoto, mwanangu. Wewe mwenyewe uliomba lini?

MAMA: Kwani kuomba nao si kuomba, Mama? Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inatuagiza tuyazungumze maneno ya Mungu na watoto nyumbani na safarini, toka kuamka hadi kulala. Sura hiyo ndiyo iliyotufanya tuwatoe shuleni. Kila ninalofanya nao nalihesabu kuwa ibada.

MCHUNGAJI: Isome tena, uanzie mstari wa 6. Musa anataka maneno yale yakae kwanza moyoni mwa mzazi. Watoto wanatajwa mstari wa 7. Ibada ya familia ni njema na usiiache, lakini unapoiongoza uko kazini. Unaangalia nani hajafumba macho, nani anamfinya mwenzake, nani amerudia sala ya jana. Nayajua haya kwa kazi yangu mwenyewe. Mchungaji anaweza kuongoza ibada tatu Jumapili moja, jioni akarudi nyumbani hajasali hata kidogo.

WIFI: Mchungaji, samahani, naomba tusiende haraka hivyo. Huyu mtu amechoka. Mimi nafundisha darasa lililojaa mpaka mlangoni, lakini kengele ikilia natoka. Naingia chumba cha walimu, nakunywa chai, namweleza mwenzangu yaliyonikuta, ananiambia na yeye yamemkuta. Muhula unakwisha, likizo inafika. Wifi yangu hana kengele. Anafundisha madarasa manne kwenye meza moja, meza hiyohiyo ndiyo ya chakula, na mpishi ni yeye, na wa kufua ni yeye. Juu ya hayo ana hofu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, jambo la wanaosomesha nyumbani limeshafikishwa mahakamani, na mgeni akibisha hodi mchana najua anashtuka. Halafu mtu huyu akija kwenu kanisani mnamwambia aamke saa kumi alfajiri aombe. Mnamwongezea kipindi kingine kwenye ratiba ambayo tayari haina pumzi.

MAMA: Wifi, alfajiri nimejaribu. Mdogo ana masikio. Nikikanyaga sakafu tu, ameamka.

WIFI: Na hata asingeamka, ungekuwa unasinzia. Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Eliya amelala chini ya mretemu, amechoka, anaomba afe. Mungu hakumkemea kwa kukosa maombi. Alimtuma malaika na mkate na maji, Eliya akala, akalala tena, malaika akamwamsha akamlisha mara ya pili. Horebu kulikuja baada ya hapo. Nanyi waacheni akina mama wale na walale kwanza.

BIBI: Sitabishana na Maandiko, binti yangu. Umesema kweli na mimi sikuwa nimeliona hivyo. Lakini Eliya alipokwisha kulala alikwenda Horebu, hakurudi chini ya mti. Nimewaona watu waliopumzika wakanenepa na ndani hamna kitu.

Hoja ya Wifi ina uzito, na yeyote anayehubiri habari za maombi kwa wazazi hawa angepaswa kuisikiliza mpaka mwisho kabla ya kufungua kinywa. Mwaka 2020, shule za Kenya zilipofungwa Machi kwa sababu ya korona na madarasa yote yasirudi mpaka Januari 2021, nyumba nyingi ziliionja kazi hii kwa lazima. Watu walijifunza mwilini mwao kwamba kukaa na watoto saa zote, ukiwa mzazi na mwalimu kwa pamoja, kunammaliza mtu hata kama anawapenda kupita kiasi. Anayeifanya kwa hiari, mwaka baada ya mwaka, ana mwili uleule. Kwa hiyo ninapoitetea sala katika mjadala huu, siitetei kama mbadala wa usingizi.

MAMA: Mimi huwa nasikia habari za Susanna Wesley mpaka najiona si kitu. Kila tukikutana wazazi tunaofundisha nyumbani lazima atajwe.

MCHUNGAJI: Ana haki ya kutajwa. Alizaliwa 1669 akafa 1742, mke wa kasisi wa Epworth huko Uingereza, mama yao John na Charles Wesley. Alizaa watoto 19, waliokua ni 10. Aliwafundisha mwenyewe nyumbani, kila mtoto akianza alipotimiza miaka mitano, saa sita kwa siku. Kila mmoja alikuwa na jioni yake katika juma ya kukaa na mama peke yake. Ya John ilikuwa Alhamisi.

MAMA: Na inasimuliwa kwamba alipotaka kuomba alijifunika aproni kichwani, watoto wakajua wasimguse.

WIFI: Hiyo ya aproni inasimuliwa sana, nami naipenda. Ila wanaoisimulia husahau kwamba nyumba ile ilikuwa na watumishi. Maji hakuteka yeye. Wakimtaja Susanna wamtaje na yaya na mfanyakazi wa shamba, ndipo mama wa hapa asiyekuwa na mtu ajue anapimwa kwa kipimo gani.

MCHUNGAJI: Hilo ni haki kusemwa. Nami niongeze lingine ambalo halisemwi. Maisha yake hayakunyooka. Mumewe alifungwa kwa madeni 1705. Nyumba yao iliteketea 1709, watoto wakatawanywa kwenye nyumba za watu, na waliporudi walikuwa wameokota nyimbo na tabia ambazo mama yao hakuzipenda. Ilibidi aanze upya. Katika barua aliyomwandikia John mwaka 1732 kueleza namna alivyowalea, anasimulia utaratibu aliouweka baada ya moto. Saa kumi na moja jioni mtoto mkubwa kabisa alimchukua mdogo kabisa anayeweza kusema, wa pili akamchukua anayemfuata, na hivyo hivyo mpaka wote wakawa wawili wawili, wakasomeana Zaburi za siku na sura ya Agano Jipya. Asubuhi walisomeana tena, kisha kila mtoto akaenda kusali peke yake kabla ya kifungua kinywa.

MAMA: Kila mtoto peke yake?

MCHUNGAJI: Peke yake. Mama hakuwa katikati ya kila sala iliyosaliwa nyumbani mwake. Wewe umejiweka katikati ya zote. Mkubwa wako ana miaka mingapi?

MAMA: Kumi na mmoja.

MCHUNGAJI: Huyo anaweza kumsomea Zaburi mdogo wake.

MAMA: Itakuwa kelele tu, Mchungaji.

BIBI: Iwe. Na Epworth ilikuwa kelele.

MAMA: Kuna wengine wananiambia nisihangaike na wakati maalumu hata kidogo. Niombe nikikoroga ugali, niombe nikifua. Wananitajia yule mtawa wa Paris aliyekuwa akisali jikoni.

MCHUNGAJI: Ndugu Lawrence, Mkarmeli, aliyefariki 1691. Ni kweli alisema na Mungu kati ya sufuria, na mafundisho yake yamewafaa watu wengi. Lakini alikuwa ndani ya nyumba ya watawa. Saa za sala zilipofika zilimkuta, zikamwita, akaenda na wenzake. Sala yake ya jikoni ilikuwa na kisima nyuma yake. Ukimwambia mama wa watoto wanne aombe jikoni tu, umempa ndoo bila kumwonyesha maji yalipo.

WIFI: Basi mpe kengele, Mchungaji. Mimi nilisema hana kengele.

MCHUNGAJI: Ndiyo maana Kanisa lina Sala ya Asubuhi na Sala ya Jioni. Zamani watawa walisali vipindi vingi, mchana na usiku. Mwaka 1549 Askofu Mkuu Thomas Cranmer alipotoa Kitabu cha Sala kwa Kiingereza, alivikusanya vipindi hivyo akabakiza viwili, kwa namna ambayo watu wa parokia wangeweza kuvifuata. Martin Luther alikuwa ametangulia kwa jambo jepesi zaidi. Katika Katekisimu Ndogo ya 1529, ambayo ndugu zetu Walutheri wa Tanzania wanaijua tangu kipaimara, aliwaandikia wenye nyumba sala fupi ya kuamka, ya mezani na ya kulala. Ukishasali asubuhi anakuagiza uende kazini kwa furaha. Ukishasali usiku anakuagiza ulale mara moja. Hakudai saa nzima. Mtu aliyechoka akipewa maneno yaliyokwisha kuandaliwa na watu waliomtangulia, hahitaji kutafuta ya kwake.

BIBI: Hapo, Mchungaji, niruhusu. Sala za kitabu tulizisoma miaka na miaka, na tulikuwa tumelala. Mimi nilizaliwa moto wa Uamsho ukiwa umeshafika kwetu Murang'a, lakini wazazi wangu waliniambia ulikotoka. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Joe Church, Mwingereza aliyekuwa hospitali ya Gahini kule Rwanda, walikutana Kampala, kilima cha Namirembe. Wote wawili walikuwa Waanglikana. Kitabu cha Sala walikuwa nacho. Walikaa wakasoma Maandiko na kuomba pamoja, wakajiona walivyopungukiwa. Moto ukawaka Gahini, ukaingia Uganda, ukaja Kenya mwisho wa miaka ya 1930, ukaenda Tanganyika. Kilichouwasha ni watu kukubali mbele ya wenzao kwamba wao ni wenye dhambi.

MAMA: Tuelezee ushirika ulivyokuwa, Mama.

BIBI: Tulikuwa tunakaa nyumbani kwa mtu, kwenye viti vya kuazima, sisi watoto chini kwenye mkeka. Mtu mzima anasimama. Simsahau baba mmoja, mzee wa kanisa, kofia yake ameishika mbele ya tumbo anaizungusha. Akasema, juzi nilimpiga mke wangu kwa sababu ya chumvi, na jana nikasoma somo kanisani. Mkewe alikuwa palepale. Hakuna aliyeguna. Akalia, wakasimama wawili watatu wakamkumbatia, ukaimbwa Tukutendereza, na mkewe akaimba. Wengine kesho yake walionekana njiani wamebeba jembe la mtu, wanalirudisha. Hivyo ndivyo nilivyojua kuhuishwa ni nini, na ndiyo sababu nakuuliza, mwanangu, yule mtoto aliyeganda na penseli, umekwisha kumwambia kitu?

MAMA: Nilimpikia chapati jioni.

BIBI: Chapati ni nzuri. Lakini ulimwambia umekosa?

MAMA: Sikumwambia.

WIFI: Mama, hapa mimi kama mwalimu nina wasiwasi. Mzazi anayefundisha ana mamlaka mawili mkononi. Akianza kuomba msamaha kila saa nne, mtoto atajifunza kwamba akikataa hesabu vya kutosha, mwalimu ataishia kupiga magoti.

BIBI: Nimelea saba. Sijaona mtoto aliyemdharau mzazi kwa sababu mzazi alisema, mwanangu, nimekukosea. Ninaowaona wakiliacha kanisa wakishakua ni waliofokewa mchana na kuombeshwa usiku, na hakuna aliyetaja kufokewa. Kuna jambo jingine baya, nalo ni la walokole hasa. Mzazi anafumba macho mbele ya watoto wote, anaanza, Bwana, msaidie huyu aache ukaidi, msaidie awe kama dada yake. Huko ni kumsema mtoto huku umemshika Mungu awe shahidi. Mtoto hawezi hata kujitetea, maana ni sala.

MAMA: Hilo nalifanya.

BIBI: Tulilifanya wote.

WIFI: Shuleni tunaliita kumtia mtoto aibu mbele ya darasa. Mama, naona unakotaka kwenda, ila bado nasema hesabu abaki nayo. Aombwe msamaha kwa kufokewa, na sehemu azimalize.

BIBI: Azimalize, ndiyo. Mimi sikusema asamehewe hesabu.

MCHUNGAJI: Bibi amenifundisha, na nakubali kwamba kitabu peke yake hakimwamshi mtu. Ila naye akumbuke kwamba ushirika ulikuwa na siku yake. Watu hawakungoja wajisikie. Juma likifika siku ile, ukiwa umechoka, ukiwa umekosana na mtu, ulikwenda, na mara nyingi toba ilikukuta hapo, umeshakaa kitini. Toba isiyokuwa na saa yake hupoa. Mama huyu anahitaji vyote viwili: mahali palipowekwa, na ukweli wa kusema akifika.

MAMA: Na nikifika nisisikie lolote? Hivyo ndivyo ilivyo siku nyingi. Nasoma, nafumba macho, naona kikapu cha nguo.

MCHUNGAJI: Sema na Mungu habari za kikapu cha nguo. Mimi sipimi sala kwa machozi. Nitakuuliza baada ya miezi kadhaa kuhusu saa nne. Kama sauti yako imeanza kushuka, kama ikipanda unairudisha upesi kuliko zamani, kuna kazi inafanyika ndani yako hata kama asubuhi hukuona kitu.

MAMA: Na mtoto akiamka katikati? Ndilo linalonikatisha tamaa kuliko yote. Nikishakaa tu, analia. Naona kama Mungu mwenyewe amekataa.

Swali hili ningetaka nilijibu mwenyewe, kwa kuwa ndipo wengi wanapokata tamaa, na jibu lake liko wazi katika Injili ya Marko. Sura ya 6 inaeleza kwamba wanafunzi walikuwa wakizongwa na watu mpaka hawapati nafasi ya kula. Yesu akawaita waende mahali pasipo watu, wapumzike. Wakapanda mashua. Watu wakawaona, wakakimbia kwa miguu wakatangulia kufika. Mapumziko yale yaliyopangwa na Bwana mwenyewe yakavurugika kabla hayajaanza. Yeye alipoona umati aliwahurumia, akawafundisha, akawalisha wanaume 5,000. Wahubiri wengi huishia hapo, na mama anayesikiliza hutoka kanisani ameelewa kwamba wajibu wake ni kulisha tu. Lakini endelea mpaka mstari wa 46. Watu walipokwisha kula, Yesu aliwatanguliza wanafunzi kwa mashua, akawaaga watu, akapanda mlimani kusali. Kile alichonyimwa mchana alikirudia jioni. Hakumfukuza aliyemkatiza, wala hakukubali kwamba kukatizwa ndiko mwisho wa sala.

Mtoto akiamka, mchukue. Mbadilishe nguo, mnyonyeshe, mpe uji. Halafu urudi. Sala ya dakika kumi iliyokatwa vipande viwili na mtoto mwenye homa imefika kwa Mungu nzima. Lakini mstari ule wa 46 una jambo lingine ambalo haliko mikononi mwa mama peke yake. Yesu aliwaaga watu, wakaenda zao. Mama wa watoto wadogo hawezi kuwaaga watoto. Ni lazima pawe na mtu wa kuwapokea.

Hapa ndipo Baba alipoingia, mkoba begani, saa mbili usiku.

WIFI: Kaka, karibu. Tulikuwa tunakungoja. Mkeo anasali lini?

BABA: Anasali asubuhi na watoto, si ndiyo?

WIFI: Hapo anafundisha. Nimeuliza anasali lini.

BABA: Dada, mimi natoka hapa saa kumi na moja unusu kuwahi matatu. Narudi saa hizi. Vitabu hivi vinanunuliwa na kazi hiyo. Nikiwa njiani nawaombea wote kwa majina, Mungu ni shahidi wangu. Sikatai kusaidia, ila niambieni nasaidia saa ngapi.

MCHUNGAJI: Mwenzangu, hakuna anayekulaumu kwa kutafuta riziki. Nikukumbushe tu habari ya Kutoka sura ya 17. Musa juu ya kilima ameinua mikono, Israeli wanashinda. Mikono ikichoka, Amaleki wanashinda. Haruni na Huri hawakumhubiria Musa habari za uvumilivu. Walileta jiwe akalia, wakaishika mikono, mmoja huku na mmoja huku, mpaka jua likachwa.

BABA: Kwa hiyo mimi nilete jiwe.

BIBI: Lete jiwe, mwanangu, na ukae.

BABA: Baada ya chakula ninaweza. Vyombo nitaosha na wale wakubwa, mdogo nitamwogesha, Zaburi nitawasomea mimi, nitawalaza. Hapo yeye afunge mlango. Na Jumamosi asubuhi natoka nao wote mpaka saa nne.

MAMA: Usiku nitakuwa nimechoka sana kwa sala ndefu.

MCHUNGAJI: Isiwe ndefu. Zaburi moja, yaliyotokea siku hiyo yasemwe kama yalivyo, walio na haki ya kuombwa msamaha watajwe, Baba Yetu, kisha ulale. Jumamosi ndiyo iwe na nafasi ya kukaa. Siku ukisinzia katikati ya Zaburi, lala. Eliya alilala.

WIFI: Na huyu wa sehemu, likizo ya Agosti mniletee. Nitakaa naye na maganda ya machungwa mpaka robo mbili zikubali kuwa nusu. Wifi, wakati huo usije ukajaza pengo kwa kufua mapazia.

MAMA: Sitafua.

BIBI: Basi mwiteni yule mtoto kabla hajalala. Mama yake ana neno naye.

Pande hizi hazikukubaliana kwa yote. Wifi bado anaamini shule ingekuwa nafuu kwa wifi yake, na Bibi bado ana mashaka na sala za kitabu. Yangu nitayasema bila kuficha. Mzazi anayefundisha nyumbani anahitaji kila siku mahali ambapo yeye si mwalimu wa mtu, mahali ambapo anaulizwa, anasahihishwa, anasamehewa na kuanzishwa upya, kama anavyofanya yeye kwa watoto wake. Ibada ya familia haiwezi kumpa hilo, kwa sababu pale anasimama mbele. Na mahali hapo hapapatikani kwa juhudi zake za alfajiri peke yake. Ni haki anayodai kwa watu wa nyumba yake na kwa kanisa lake, na asione haya kuidai.

Kwa hiyo ombi langu ni kwenu nyinyi mlio karibu naye. Baba, chagua saa yako leo, umwambie mkeo ni ipi, na uishike hata siku ambayo umerudi umechoka. Shangazi na wajomba mlio walimu, wachukueni hao watoto siku moja ya likizo. Wazee wa kanisa, kile chumba cha Shule ya Jumapili kinachofungwa kufuli kuanzia Jumatatu, kifungueni asubuhi moja katikati ya juma, wawekeni vijana wawili watatu wa kukaa na watoto, na waacheni hawa mama waingie kanisani wakae kimya. Msiwaandalie semina.